Mjadala: Mchungaji Dimmesdale alitubu, au alikimbilia kaburini?

Mwl. Kibatari (mleta mada)
Wadau, habari za jioni. Naleta jambo lililotugawa kwenye kikundi chetu cha usomaji hapa Morogoro, tukaondoka bila hata kuagana vizuri. Tulikuwa tunamalizia The Scarlet Letter, riwaya ya Nathaniel Hawthorne ya mwaka 1850.

Kwa ambaye hajaisoma: ni Boston ya miaka ya 1640, mji wa Wapuritani, Waingereza waliovuka bahari ili wajenge jamii itakayoongozwa na Biblia kuanzia kanisani hadi mahakamani. Hester Prynne ni mke wa mtu, mumewe hajulikani aliko, naye anazaa. Anasimamishwa saa tatu kwenye jukwaa la mkatale sokoni, pale wahalifu walipoanikwa, kichanga mikononi, herufi A nyekundu kifuani, alama ya uzinzi (kwa Kiingereza, adultery). Anaulizwa baba wa mtoto ni nani. Hasemi. Na anayetumwa kumsihi amtaje ni mchungaji kijana Arthur Dimmesdale, ambaye ndiye baba mwenyewe!

Anaficha miaka saba. Anafunga, anakesha, anajichapa mjeledi akiwa amejifungia. Mume wa Hester anarudi kwa jina la bandia, Chillingworth, anahamia nyumba moja naye kama tabibu wake na kuichokonoa roho yake siku baada ya siku. Mwisho, siku ya kusimikwa gavana mpya, baada ya mahubiri yaliyoliza mji mzima, mchungaji anapanda jukwaa lilelile mchana kweupe, Hester na mtoto Pearl pembeni yake, anakiri, anafungua kifua, anakata roho.

Swali: dakika zile chache zinafuta miaka saba? Mimi nasema hazifuti. Alikiri alipokuwa hana tena cha kupoteza. Karibuni.

Mpare_Mkweli
Mwalimu, shikamoo. Mimi niko upande wa mchungaji na sioni haya. Huyu mtu alijiadhibu kuliko mahakama yoyote ya Boston ingemwadhibu. Hester alipewa kitambaa, akakitarizi kwa nyuzi za dhahabu, akaendelea kuishi, akashona nguo za wakubwa, mji ukamzoea. Mchungaji alikuwa anaoza akiwa hai. Mara ngapi alipanda mimbarani akasema yeye ni mwovu kuliko waumini wote, nao wakazidi kumwona malaika? Afanye nini tena?

Na tuseme ukweli, kama yule mama angefungua mdomo siku ile, mambo yangekwisha siku hiyohiyo. Kimya chake ndicho kilichomuua mchungaji.

Bint_Rufiji
«Kimya chake ndicho kilichomuua mchungaji.»

Nimeisoma mara tatu nikidhani macho yangu yana kasoro. Kaka Mpare, pale jukwaani na barazani kulikuwa na midomo miwili inayojua siri ile. Mmoja ulikuwa wa mwanamke mwenye kichanga cha miezi mitatu, jua linamchoma, mji mzima unamtolea macho. Mwingine ulikuwa wa msomi wa Oxford aliyeketi juu pamoja na gavana. Na wewe ukaona wa kulaumiwa ni yule mwenye kichanga! Yaani hata akibeba aibu ya watu wawili bado mnamdai chenji?

Mpare_Mkweli
Dada, punguza moto. Sikumtukana mtu. Nimesema tu ukweli ungewaponya wote wawili, basi.

Bint_Rufiji
Ukweli ulikuwa kifuani kwa mwanamume pia. Usinikwepe.

Kalamu ya Kigoma
Nyie mnapigania mchungaji na mama, mimi natazama jamii yenyewe. Hawa Wapuritani si ndio waliowachoma wachawi kule Salem? Jamii inayochoma watu moto halafu unataka mtu asimame akiri. Akiri apate nini?

Mchapa Kurasa
Ndugu wa Kigoma, hapo nikurekebishe. Hawakuchoma, walinyonga. Na Salem ni mwaka 1692, karibu miaka hamsini baada ya kisa cha Hester. Walionyongwa ni 19. Mzee Giles Corey aliyekataa kujibu shitaka alilazwa chali akawekewa mawe juu mpaka akafa.

Ila umegusa penyewe bila kujua. Mmoja wa mahakimu wa Salem alikuwa John Hathorne, na Hawthorne wetu huyu ni wa ukoo wake, mzaliwa wa Salem mwaka 1804. Kwenye utangulizi wa riwaya anasema waziwazi kwamba anajitwika aibu ya wazee wake. Hakimu mwenzake Hathorne, Samuel Sewall, mwaka 1697 alisimama kanisani Boston mbele ya waumini wote huku mchungaji akisoma karatasi ya toba yake. Hathorne hakuacha toba ya namna hiyo. Kwa hiyo anayeandika kuhusu mtu mwenye cheo aliyeshindwa kusimama mbele ya watu anaandika habari za nyumbani kwao. Ndiyo maana kitabu kinauma hivi.

Mwana wa Mvita
Asalam alaykum jamaa. Nimewasoma tangu mwanzo na naona nyote mmekubaliana jambo moja bila kulihoji, kwamba dhambi lazima itangazwe ndipo mtu awe mkweli. Nani kasema? Kwetu tumelelewa na neno sitara. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema umma wake wote utasamehewa isipokuwa wanaojianika: mtu kafanya jambo usiku, Mola kamsitiri, asubuhi anatoka kumwambia mwenzake jana nilifanya hivi na hivi. Na sahaba wake Maiz alipokwenda kukiri zinaa, Mtume alimgeuzia uso mara kadhaa, mtu yule ajiondokee. Dini inakupa mlango wa nyuma urudi kwa Mola wako bila tarumbeta.

Masikini Dimmesdale hakuwa na mlango huo. Mkatoliki angekwenda kwa padri akaungama faraghani. Muislamu angelia kwenye mswala wake. Mpuritani alikuwa na soko na mkatale tu. Kosa naliona kwenye ile sheria ya kuwaanika watu.

Ummu Nasra
Waalaykum salaam kaka yangu wa Mvita. Hadithi umeisoma vizuri lakini umeikata mkia. Sitara ni ya dhambi iliyo baina yako na Mola. Pakiingia haki ya mja, toba haikamiliki mpaka umrudishie mwenyewe haki yake, au akusamehe. Sasa hesabu haki za watu zilizomo humo. Hester anabeba peke yake mzigo wa wawili. Pearl hana jina la baba, watoto wanataka kumrushia matope, na kuna siku gavana alitaka kumtoa kwa mama yake. Hiyo ni haki ya mja au si haki ya mja? Mtu aliyejifunika blanketi huku mwenzake yuko uchi kwenye baridi hawezi kusema amesitirika.

Mpare_Mkweli
Lakini siku ile ya gavana, aliyemtetea Hester asinyang'anywe mtoto ni nani? Ni huyohuyo mchungaji. Mbona hamsemi hilo?

Bint_Rufiji
Alimtetea baada ya Hester kumgeukia na kumwambia sema wewe, unanijua kuliko hawa. Alisukumwa. Na hata pale alizungumza kama mchungaji mwenye huruma kwa muumini wake, akashuka ngazi akiwa msafi vilevile.

Mama wa Mbezi
Watoto wangu, mimi si mtu wa kuandika sana, naogopa hata kubonyeza. Kitabu hicho sijakisoma chote, binti yangu ananisimulia na nimesoma kurasa za mwanzo. Lakini hilo jukwaa nalijua.

Mwaka 1998 nilikuwa na mimba ya miezi mitano, sijaolewa. Kanisani kwetu utaratibu ulikuwa unasimama mbele, jina lako linasomwa, unatengwa. Huwezi kushiriki meza ya Bwana, kwaya unaondolewa, ukifiwa mazishi yanakuwa na maneno. Mpaka utakapotubu mbele ya watu wote urudishwe kundini. Nilisimama. Aliyenipa mimba alikuwa kwaya kuu, safu ya nyuma, sauti ya besi. Baada ya jina langu kusomwa kwaya iliimba, na ile besi niliisikia. Haikutetemeka.

Kaka Mpare, huo ndio mji uliomzoea Hester.

Bint_Rufiji
Mama, shikamoo. Nimeishiwa maneno.

Mpare_Mkweli
Marahaba haina nafasi hapa, mama shikamoo na pole sana. Sikuandika nikiwafikiria watu kama wewe. Naomba niulize bila nia mbaya: ulimtaja?

Nyota ya Pwani
We Mpare! Mama wa watu kajifungulia moyo, wewe unampandisha kizimbani? Hilo ndilo swali la wale wazee wa Boston, neno kwa neno.

Mpare_Mkweli
Nimeuliza kwa sababu nataka kuelewa. Mnataka niulize nini, hali ya hewa? Mimi pia nina dada aliyepitia hayo, na miaka yote tunamwuliza kwa nini hakusema, naye anatoka chumbani. Kama mama anaweza kunijibu nitamshukuru.

Mama wa Mbezi
Mwacheni aulize, si mbaya.

Sikumtaja. Wazee waliniita mara mbili nikawaambia namjua mimi na Mungu. Watu walisema nampenda bado. Wengine walisema alinihonga. Hapana. Nilijua nikimtaja atakana, na akikana nitakuwa mzinzi na mwongo kwa siku moja. Kimya kiliniachia heshima kidogo. Mwambie dada yako simlaumu, na usimwulize tena.

Mchapa Kurasa
Mama, ruhusu niweke jambo la kweli kutoka Boston yenyewe, maana linaunga mkono ulilosema.

Watu hudhani adhabu ya kweli ilikuwa herufi. Huko Plymouth, koloni jirani, sheria ya mwaka 1658 iliamuru herufi mbili, AD, zikatwe kwenye kitambaa na kushonwa juu ya nguo. Lakini Boston ya siku za Hester sheria ya uzinzi ilikuwa kifo. Riwaya yenyewe inalitaja hilo: mahakimu walimpunguzia kwa kuwa ni kijana, na huenda mumewe amezama baharini. Mwaka 1644 walinyongwa watu wawili, James Britton na Mary Latham, binti wa miaka kama 18 aliyeolewa na mzee. Walijulikanaje? Britton aliugua, dhamiri ikamtesa, akaungama mwenyewe. Gavana Winthrop kaandika kwenye kumbukumbu zake. Ungamo lake ndilo lililompeleka Mary kwenye kamba. Na Mary naye alipobanwa alitaja wanaume wengine kumi na wawili. Waliokamatwa kati yao walikana, ushahidi ukakosekana, wakapona.

Kwa hiyo Mpare aliposema mambo yangekwisha siku moja, yangekwisha kwa namna hiyo.

Kalamu ya Kigoma
Duh. Basi hapo mimi ndipo namwelewa Dimmesdale kuliko mwanzo. Mwoga, sawa, ila mbele ya woga wake kulikuwa na kitanzi. Sisi tunamhukumu tukiwa tumekaa sebuleni.

Ummu Nasra
Kitanzi kilikuwepo, kweli. Lakini kitabuni mchungaji haogopi kitanzi. Onyesha ukurasa mmoja anaofikiria kamba. Anafikiria macho ya waumini, jina lake, kazi ya Mungu itakavyoharibika. Hata walipopanga na Hester kule msituni watoroke kwa meli kwenda Ulaya, jambo lililompa faraja ni kwamba wataondoka baada ya yeye kutoa hotuba ya siku ya gavana. Mtu anatoroka na mke wa mtu na bado anataka aagwe kwa makofi.

Mzee wa Bukoba
Nimechelewa, macho yananisumbua. Nimeona mmetaja toba ya hadharani kama mkatale peke yake. Baba yangu alikuwa ndugu wa Uamsho wa makanisa, ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukatufikia sisi Kagera. Walikuwa wanasimama mbele ya ndugu na kusema: niliiba hiki, nilimchukia fulani, nilifanya hivi na mwanamke. Wakimaliza wanaimbiwa wimbo wa sifa, Tukutendereza, na kukumbatiwa. Kutembea nuruni, ndivyo walivyoita. Nimemwona kwa macho yangu mtu akirudisha jembe la serikali alilolificha miaka kumi na moja, akalia, usiku ule akalala kama mtoto. Kwa hiyo toba ya mbele za watu inaweza kuwa uhai. Tofauti niliyoiona mimi: pale wote walisimama, mkubwa na mdogo. Mchungaji akitubu, mchunga ng'ombe akitubu. Boston alisimama mmoja, wengine wakawa watazamaji.

Sitaficha, palikuwa na ubaya pia. Wengine walitubu wakataja na majina ya wenzao, ndoa zikavunjika siku hiyohiyo kabla ya jua kutua.

Mwana wa Mvita
Mzee, hayo ya mwisho ndiyo niliyokuwa nasema.

Mzee wa Bukoba
Nimekusikia mwanangu. Lakini lile jembe lilirudi.

Kalamu ya Kigoma
Mbona hakuna aliyemtaja John Proctor, wa tamthilia ya Arthur Miller, The Crucible, ya 1953? Yule alikiri uzinzi mbele ya mahakama ya Salem akiwa mzima, mwenye nguvu zake, ili amwokoe mkewe. Hakusubiri pumzi ya mwisho. Mke naye, Elizabeth, mtu asiyejua uongo, akadanganya ili kulinda jina la mumewe, na uongo huo ukawazamisha. Proctor ndiye mwanamume. Dimmesdale amwamkie.

Mchapa Kurasa
Nakubali, ila ujue uzinzi ule Miller aliubuni. Proctor wa kweli alikuwa mzee wa miaka kama 60, na Abigail, yule anayezini naye kwenye tamthilia, alikuwa mtoto wa miaka kama 11. Proctor huyo wa kweli alinyongwa kwa uchawi tu, tarehe 19 Agosti 1692.

Kalamu ya Kigoma
Miaka 11! Huko darasani hawakutuambia. Sasa sitaitazama tena vilevile.

Nyota ya Pwani
Mtoto wa miaka 11 kafanywa kahaba ili mwanamume apate dhambi nzuri ya kutubia. Hilo peke yake linahitaji mjadala wake.

Mwl. Kibatari (mleta mada)
Jamani, tunapotea. Nafurahi lakini tunapotea. Naomba turudi jukwaani, nikiwa na hoja mbili, ya pili inanipinga mimi mwenyewe.

Ya kwanza: isomeni tena ile hotuba ya mwisho. Anaanza kwa «mimi», lakini anapofika penyewe anageuka kusema habari za «yeye», mtu aliyetembea kati yenu na alama yake mmeshindwa kuiona. Na baada ya kifo wapo waliokuwepo pale, watu wa heshima, wakaapa kwamba hakukiri chochote, kwamba alikufa mikononi mwa mwanamke yule ili kufundisha kwa mfano. Ungamo gani hilo linaloacha mlango wazi namna hiyo? Miaka saba ya kuhubiri kwa mafumbo ilimfuata mpaka kwenye pumzi ya mwisho.

Ya pili inatoka kwa Pearl. Kuna usiku mchungaji alipanda jukwaani gizani, Hester na mtoto wakapita, akawaita, wakashikana mikono. Pearl akamwuliza: kesho mchana utasimama hapa na mama na mimi? Akasema siku nyingine. Mtoto akataka kuutoa mkono wake. Lini? Siku ya kiyama. Baadaye msituni alimbusu Pearl kwenye paji la uso, mtoto akakimbilia kijitoni akajiosha busu lile. Ila siku ya mwisho, pale juani, Pearl alimbusu mwenyewe mdomoni, akalia. Yeye ndiye aliyekuwa anamdai kuliko wote, na alipokea. Sasa mimi ni nani nikatae risiti iliyosainiwa na mdai? Hapo ndipo nilipokwama Jumamosi kwenye kikundi chetu.

Bint_Rufiji
Mwalimu, mtoto wa miaka saba akimbusu baba yake anayekufa si hukumu. Ni mtoto.

Mpare_Mkweli
Hapo sikubaliani. Pearl ndiye aliyekuwa hadanganyiki kitabu kizima. Akijiosha mnasema ni hakimu, akibusu mnasema ni mtoto. Chagueni moja.

Bint_Rufiji
Leo umesema neno, kaka. Nitalifikiria, ila la kimya bado sijakusamehe.

Ummu Nasra
Na Hester je? Mbona kila anayehesabu anamwachia Pearl kusaini? Hester alimwuliza, hatutakutana tena huko mbele tukaishi pamoja? Mchungaji akamwambia nyamaza, Hester, sheria tuliivunja, naogopa ni bure kutumaini. Mwanamke kamngoja miaka saba, na neno analopewa mwisho ni nyamaza.

Mama wa Mbezi
Mwalimu, binti yangu kanisomea hapo pa Pearl na «siku ya kiyama». Nimemwambia asimame kidogo.

Mwanangu ana miaka 27 sasa. Alipokuwa darasa la pili aliniuliza baba yuko wapi, nikamwambia ukikua utajua. Alipofika kidato cha nne nikamwambia jina. Akaenda mwenyewe Jumapili moja, peke yake, akakaa benchi la mbele. Hakusema kitu. Alikaa tu akimtazama ibada nzima, maana wanafanana kila kitu, hata namna ya kusimama. Watu wakaona. Baba yake aliacha kwaya mwezi ule, na baada ya Pasaka alikuja nyumbani jioni, hajaoa mwenyewe mpaka leo, akakaa pale kwenye kigoda nje, akasema nisamehe.

Mpare_Mkweli
Ukamjibu nini, mama?

Mama wa Mbezi
Nilimpa chai. Nikamwambia aliyetangazwa kanisani ni mimi, kwa hiyo na yeye akayasemee kulekule.

Nyota ya Pwani
Alikwenda?

Mama wa Mbezi
Bado.